Mpira wa Pumzi

Juu ya injini ya gari lako la petroli kuna mpira mdogo ambao pengine hujawahi kuugusa. Unatoka kwenye tapeti kava na kuingia kwenye manifodi. Siku ukichomolewa ukakutwa umejaa oili, usikubali kuambiwa papo hapo kwamba injini imekufa.

Nasema kwa uchungu. Gari langu liliwahi kulowanisha filta ya hewa kwa oili. Gereji ya kwanza ikahukumu: ringi zimekwisha, injini ifunguliwe. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta mkopo, ndipo fundi mmoja mtu mzima akachomoa vali ya PCV, ile inayokaa mwanzoni mwa mpira huo, akaitikisa karibu na sikio. Kimya. Vali nzima hulia kama punje ndani ya kayamba. Yangu ilikuwa imegandishwa na tope la oili. "Injini hii haipumui," akasema.

Na kupumua ni lazima. Hata injini mpya, kila mafuta yanapolipuka ndani ya silinda, gesi kidogo hupenya kandokando ya ringi na kushuka kwenye chumba cha krenki, ambako huchanganyika na mvuke wa oili. Kazi ya vali ni kuiacha manifodi izivute gesi hizo zikachomwe upya, huku mpira wa pili ukileta hewa safi kutoka upande wa filta. Vali ikiziba, gesi hurudi kinyumenyume kwa huo mpira wa pili, na filta inalowa. Shinikizo nalo hupanda, oili ikatafuta pa kutokea: utabadilisha sili ya krenki leo, kesho inavuja tena. Vali ikikwama wazi, manifodi huinyonya oili yenyewe, plagi zikajaa masizi na moshi wa bluu ukatoka nyuma.

Liko jambo linaloniudhi sana. Fundi anauchomoa ule mpira wa pili, anauning'iniza chini ya gari, mteja anaona filta imekauka na kufurahi. Magari ya zamani yalikuwa hivyo hivyo, bomba likitemea barabarani. Kule California, vali hii ilianza kuwekwa kwenye magari mapya ya mwaka 1961, kwa sababu hewa ya Los Angeles ilikuwa imechafuka kwa moshi wa magari. Sisi tunaurudisha uchafu huo kwa mikono yetu, kwenye foleni ambako watoto wanavuka kwenda shule. Isitoshe, unyevu na mvuke wa petroli visipovutwa nje, oili hugeuka tope.

Basi tuanze na yasiyo na gharama. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika chache, chomoa dipstiki. Oili ikipita mstari wa juu, krenki huichapa ikawa povu, na povu hupanda mpaka kwenye mpira. Wapo wanaozidisha makusudi wakidhani oili itadumu. Hao ndio wanaojiletea ugonjwa. Kisha vali: ukiwa na shaka nayo, nunua mpya. Mpira nao ubadilishwe kwa ule unaostahimili oili, kwani mpira wa kawaida wa maji hulainika, ukavutwa ukajibana. Chini ya tapeti kava kuna kibati cha kuizuia oili isipande na gesi. Kikijaa tope, kava ifunguliwe ioshwe vizuri.

Oili ikiendelea kuja baada ya hayo yote, hapo pimeni kompresheni silinda moja moja. Iliyo chini itilieni kijiko cha oili na kupima tena. Ikipanda, ringi zimechoka kweli, na fundi anayetaka kufungua injini ana haki.

Wenye dizeli yenye tabo msichelewe hata kidogo. Oili nyingi ikiingia upande wa hewa, injini inaweza kuichoma kama mafuta na kupandisha mzunguko yenyewe, ukazima swichi isisikie.

Mimi nililipia vali moja na mpira mmoja. Wewe unayekwenda kumwaga oili wiki hii, mwombe fundi aichomoe hiyo vali mbele yako, aitikise, nawe usikilize.