Kujifunza Sheria za Mkutano
Maneno yaliyosemwa Annexe mbele ya wafanyakazi, wazazi na vijana wa vilabu



Wengi wenu mmetuuliza kwa nini tunawakusanya wanafunzi kuwafundisha namna ya kuendesha bunge, wakati minervali haijalipwa na unga umepanda bei. Wengine wamesema wazi kwamba tunawafundisha watoto ubishi. Ni haki yenu kuuliza, na tutajibu kwa jambo lililotokea katika mji huu huu.

Mwezi wa Mei 1960, siku zile Lubumbashi ikiitwa bado Elisabethville, watu walichagua wajumbe 60 wa baraza la jimbo la Katanga. Conakat ilipata viti 25, na Karteli ya Balubakat na wenzake ikafuata nyuma kidogo. Sasa, sheria ya msingi iliyotungwa Brussels mwezi ule ule ilisema kwamba baraza haliwezi kuchagua serikali ya jimbo wasipokuwapo theluthi mbili ya wajumbe. Hiyo ndiyo akidi: hesabu ya vichwa vinavyotakiwa ndani ya nyumba kabla neno halijapata nguvu. Watu wa Karteli walikaa wakahesabu, wakaona kwamba wao wakitoka, theluthi mbili haitimii. Wakatoka. Kikao kikakwama kama gari la moshi lisilo na makaa.

Ndipo katikati ya Juni Wabelgiji wakaibadili sheria hiyo kule kwao, theluthi mbili ikaondolewa, na wingi wa kawaida ukatosha. Tshombe akachaguliwa kuwa mkuu wa jimbo, na serikali yake ikaingia bila Karteli. Tarehe 11 Julai 1960 akatangaza kuitenga Katanga. Yaliyofuata hadi Januari 1963 wazee waliomo humu wanayajua kuliko sisi.

Hatusemi kwamba akidi peke yake ndiyo iliyoleta vita. Kulikuwa na shaba, kulikuwa na Union Minière, kulikuwa na chuki za ukabila zilizopandwa na kumwagiliwa maji. Tena hatukuja kumhukumu babu wa mtu. Conakat wana wajukuu katika vilabu vyetu, Balubakat wana wajukuu, na watu wa Kasai pia. Tunasema tu kwamba mfanyakazi wa siku zile aliyesikia habari hii mjini, bila kujua akidi ni nini, aliona jambo kubwa likipita mbele ya macho yake na hakujua limepitia mlango gani.

Basi katika vilabu tunaicheza hadithi hii. Timu mbili zinagawiwa kwa kura ya bahati, hivi kwamba mtoto wa nyumba ya Conakat aweza kujikuta amekaa Karteli, na mwenziwe vivyo hivyo. Hapo wazazi wengine wamenuna. Tumewaambia waje watazame. Kikao kinafunguliwa, karani anahesabu, timu moja inatoka nje. Wale waliobaki wanahangaika, wanabembeleza mlangoni. Halafu sisi waalimu tunaingia na karatasi: sheria imebadilika. Ndugu, kelele zake mngezisikia! Ni kama mwamuzi wa uwanja wa Kamalondo aje dakika ya 80 apanue goli la timu moja. Hata wale waliopata faida huona haya, wengine hucheka cheko la chini.

Baadaye tunauliza swali lililo gumu zaidi: je, Karteli walifanya vema kutoka? Hapa timu hazipatani, nasi hatuzilazimishi. Maoni yetu ni kwamba kutoka ni silaha halali, lakini silaha yenye risasi moja. Anayetoka sharti ajue atarudi na nini mkononi.

Kwa sababu hiyo somo letu la kwanza si kusema. Ni kuhesabu, kisha kuandika. Vijana hawapendi somo hili. Wanapenda kusimama na kutoa Kifaransa kirefu chenye mikia. Sisi tunampa kijana daftari tunamwambia: andika nani alisema, alitaka nini, wangapi walikubali, wangapi walikataa, wangapi hawakutaka kupiga kura. Daftari likikosewa, kikao kinachofuata huanza kwa kulisahihisha, na mara nyingi ugomvi wa nusu ya mji hufia hapo.

Kisha tunafika kwenye kile ambacho watu wa mjini wanakiita mosio. Tangu siku za Konferansi ya Taifa ya 1991 na 1992 neno hili limezoeleka, na wale wanaosimama penye magazeti kuzungumza siasa wanalirusha kama jiwe. Hoja ya utaratibu ina kazi moja tu: kuonyesha kwamba sheria ya mkutano imevunjwa. Haikupewa mtu ili amjibu adui wake kabla ya zamu yake. Kwetu, anayesema mosio kisha akaanza hotuba, mwenyekiti anamkalisha, awe mtoto wa nani.

Marekebisho ni mepesi, na mama wa likelemba huyaelewa upesi kuliko wanafunzi. Mmoja amependekeza kila mtu atoe franka 2,000. Mwingine anasema ziwe 1,000. Piga kura kwanza juu ya marekebisho, halafu juu ya pendekezo lote kama lilivyobaki. Ukigeuza mfuatano huo, watu watarudi nyumbani kila mmoja na hesabu yake.

Na kumwondoa mkubwa? Katiba ya 2006 inasema kwamba hoja ya kuiangusha serikali yote lazima itiwe sahihi na robo ya wabunge. Kwa bunge la watu 500, hao ni 125. Kura haipigwi kabla ya saa 48 kupita. Wanafunzi huuliza kwa nini kungoja. Tunajibu: ili hasira ipoe na waliokuwa mbali wafike. Mwanafunzi mmoja alisema saa 48 zatosha pia kwa bahasha kutembea. Hatukuwa na la kumjibu.

Ninyi wa mgodi mna sababu yenu ya kulijali jambo hili. Tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière walikusanyika uwanjani katika mji huu, wakidai mshahara, maana vita vya Ulaya vilikuwa vimepandisha bei. Hawakuwa na baraza wala sindikati iliyokubaliwa, wala karatasi iliyosema nani aweza kunena kwa niaba yao bila kudhuriwa. Askari walipiga risasi. Karani Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea, alikuwa miongoni mwa waliokufa. Mwaka 1946 ndipo watu weusi waliporuhusiwa sindikati, pamoja na mabaraza ya kazi yaliyoweza kutoa shauri tu, si kuamua.

Neno moja juu ya lugha. Sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, na mwenye kukijua huwafunga wenziwe nacho kama ng'ombe. Kiswahili ni lugha ya taifa kwa katiba hiyo hiyo. Kwa hiyo mwanafunzi wetu hapewi cheo cha kufundisha mpaka aweze kumweleza mama muuza samaki akidi, hoja na marekebisho, na mama huyo aje kwetu atueleze tena bila kukosea. Wengi huanguka mtihani huu mara ya kwanza, hasa wale wenye Kifaransa kizuri.

Sasa ni zamu yenu. Mwenye swali anyoshe mkono. Karani atayaandika majina kwa mfuatano, na kila mtu ana dakika tatu. Yule mzee wa nyuma tumemwona wa kwanza.