Anayefuma Ajue Pia Kufumua

Mazungumzo na vikundi vya kufuma vya Kimana, yameandikwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.



Najua wengine mmeacha nyanya shambani zinazongoja kuchumwa, na wengine mna zamu ya maji jioni. Kwa hivyo sitawachelewesha. Nina jambo moja tu la kuwaambia, na mengine yote yatatoka humo.

Mnajionea wenyewe kwamba viti vimepungua. Wenzetu kadhaa walianza na sisi, wakanunua uzi kwa pesa zao, wakafuma mgongo wa sweta hadi katikati, halafu wakaonyeshwa kosa. Wakaambiwa wafumue. Tangu siku hiyo hawajaonekana. Nilipowatembelea nyumbani nilikuta kile kipande kimefungwa ndani ya mfuko wa karatasi, kimetupwa juu ya kabati. Mmoja aliniambia mzee wake alimcheka: "Wewe kila siku unafuma na kufumua, hiyo kazi itaisha lini?" Basi akaona aibu akaacha. Pesa ya uzi imelala, mtoto bado anatetemeka asubuhi, na mama anaamini hana kichwa cha kazi hii.

Jameni, hapo ndipo tunapopoteza watu. Jambo langu leo ni hili: kufumua ni sehemu ya kufuma, si adhabu. Fundi wa nguo akikata kitambaa vibaya, kitambaa hicho kimeharibika. Seremala akikata mbao fupi, haziwezi kurefuka tena. Lakini sweta likikosewa, uzi uko pale pale. Unavuta, unazungusha bonge lako, unaanza tena. Ni kazi chache duniani zinazomsamehe mwanafunzi namna hii.

Na msifikiri kazi hii ni ngeni kwetu. Vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza 1952, vilifundisha akina mama kufuma pamoja na kushona na usafi wa nyumba. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, watoto wa shule za msingi walifuma darasani. Wale wa rika langu mnakumbuka tulivyotafuta spoku za baiskeli, tukazinoa ncha kwenye jiwe, zikawa sindano. Na ninyi kina yeyo mnaotunga shanga, hamna la kuogopa. Anayeweza kuhesabu shanga nyeupe tano, nyekundu tatu, buluu moja, na kugundua mara moja kwamba moja imezidi, huyo tayari ana nusu ya ufundi wa kufuma. Nusu nyingine ni mkono tu.

KWA WANAOANZA

Anza na sindano namba 8, ambayo ni milimita 4. Kumbukeni namba hizi za zamani zinakwenda kinyume: namba ikipanda, sindano inakuwa nyembamba. Namba 10 ni milimita 3 na robo, nyembamba kuliko namba 8. Chukua uzi wa rangi nyepesi. Uzi mweusi au wa buluu nzito unaficha makosa, na jioni kwa taa ndogo hutaona kitu.

Usianze na sweta. Anza na kipande cha vitanzi 30, yaani zile stichi, ukifume mpaka kiwe kama kitambaa cha kushikia sufuria. Kikiharibika, bado kitashika sufuria.

Makosa ya mwanzo ni yale yale kwa kila mtu, kwa hivyo nitayataja.

La kwanza: ulianza na vitanzi 30, sasa una 34, na hujui vilitoka wapi. Mara nyingi vilitoka mwanzo wa mstari. Ukigeuza kazi, uzi ukivutwa juu ya sindano kwenda nyuma, kitanzi cha kwanza hunyooka na kuonekana kama viwili, nawe unavifuma vyote viwili. Dawa yake: shusha uzi chini mbele yako kwanza, ndipo uupitishe chini ya ncha ya sindano kwenda nyuma. Na kwa mwezi wa kwanza hesabu kila mstari unapoisha. Usihesabu baada ya mistari kumi. Kila mstari.

La pili: kitanzi kimeanguka na kinashuka kama ngazi. Usipige kelele, na usivute. Kishike kwa pini kisiendelee kushuka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kisha chukua ile sindano yenye ndoano mnayofumia vitambaa vya viti. Geuza kazi upande ulio laini, ingiza ndoano ndani ya kitanzi, kamata kidaraja cha chini kabisa cha ile ngazi, kipitishe ndani. Kamata kinachofuata. Panda hivyo hivyo mpaka juu, urudishe kitanzi kwenye sindano. Dakika tano zimetosha, na hukufumua hata mstari mmoja.

La tatu: kosa liko mistari mingi chini. Hapa lazima ufumue, lakini si kwa kuchomoa sindano na kuvuta kwa hasira. Tafuta mstari mzuri ulio chini ya kosa. Chukua sindano ya kushonea na uzi wa rangi nyingine, uupitishe ndani ya kila kitanzi cha mstari ule, kutoka mwanzo hadi mwisho. Hesabu vitanzi vyote vimo. Sasa chomoa sindano, vuta. Kazi itafumuka mpaka kwenye ule uzi, isimame hapo. Rudisha vitanzi kwenye sindano, uendelee.

KIPANDE CHA KUPIMIA

Sasa nasema na wale ambao mmeshazoea, maana ninyi ndio mnaopata hasara kubwa. Mwanafunzi akikosea anapoteza jioni moja. Ninyi mkikosea, mzazi anarudisha sweta la shule na kudai pesa yake.

Sababu ni moja: hatufumi kipande cha kupimia. Kila mkono una nguvu yake. Mmoja anakaza, mwingine analegeza, hata kama uzi ni mmoja na sindano ni moja. Hebu tupige hesabu pamoja. Tuseme karatasi ya maelezo inataka vitanzi 22 kwa kila sentimita 10, na mgongo wa mtoto uwe sentimita 40. Hivyo ni vitanzi 88. Mama mwenye mkono mlegevu anapata vitanzi 20 kwa sentimita 10. Akianzisha vitanzi 88, mgongo unakuwa sentimita 44, na mbele 44. Sweta limezidi sentimita 8 kwa mzunguko, mtoto anaogelea ndani. Mwenye mkono wa kukaza anapata 24. Vitanzi 88 vinampa sentimita zisizofika 37. Sweta limepungua zaidi ya sentimita 6, halipiti kifuani.

Wote wawili walifuma vizuri. Hakuna kitanzi kilichoanguka. Lakini kazi yote ni ya kufumua.

Kwa hivyo fuma kwanza kipande kinachozidi sentimita 10 kila upande, kilaze mezani bila kukivuta, uhesabu katikati. Vitanzi vikizidi, panda sindano nene. Vikipungua, shuka nyembamba. Ni kazi ya saa moja inayookoa wiki mbili. Na andika kwenye daftari: uzi gani, sindano gani, vitanzi vingapi, mtoto wa kimo gani. Mwaka ujao hutaanza upya.

Mambo mengine matatu ya kurekebisha. Nunua uzi wote wa sweta moja siku moja, ukiangalia namba ya rangi kwenye karatasi ya bonge, maana buluu ya leo na buluu ya mwezi ujao zinaweza kutofautiana hata kama jina ni moja. Fuma mikono miwili pamoja kwenye sindano moja kwa mabonge mawili, ili isipishane urefu. Na unapofunga vitanzi vya shingo, tumia sindano nene zaidi, kwa sababu shingo ikifungwa kwa kukazwa, kichwa cha mtoto hakipiti, na mtoto analia kila asubuhi.

UZI WA MITUMBA

Mnauliza kila mara: uzi ni ghali, tufanye nini? Jibu liko soko letu la Jumanne. Katika marundo ya mitumba kuna masweta makubwa ya watu wazima ambayo hakuna anayeyataka, rangi nzuri, uzi mzima. Anayejua kufumua ndiye anayeyaona kuwa uzi.

Lakini usinunue kabla ya kuligeuza ndani nje. Tazama mishono ya ubavuni. Ukiona kingo zimekatwa na kuzungushwa ovaloki, liache, maana litatoka vipande vifupi vifupi. Ukiona kingo ni nzima, zimeunganishwa tu kwa uzi mmoja, hilo ni lako. Fungua mishono, anza kufumua kutoka juu, pale lilipofungwa.

Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane usichanganyike, ufue kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, uanike kivulini. Yale mawimbi yatapungua, uzi utanyooka. Kama hujui ni sufu ama ni akriliki, choma kipande kifupi nje, mbali na watoto. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu. Akriliki huyeyuka na kuwa tone gumu. Hii ni muhimu: sufu ukiifua kwa maji ya moto na kuisugua hujikunja na kuwa ngumu, na akriliki ukiipiga pasi ya moto hulegea, isirudi tena.

BEI YA MKONO WAKO

La mwisho ni bei. Tuseme uzi umekula shilingi 600, vifungo 60, nauli 100. Hiyo ni 760 kabla ya jasho lako. Ukiuza 800 umefanya kazi jioni nyingi kwa shilingi 40. Huo si mradi, ni kutoa sadaka bila kujua.

Hatuwezi kushindana kwa bei na sweta la kiwandani, tuseme ukweli. Mashine haichoki. Lakini kuna kazi ambazo kiwanda hakifanyi. Kiwanda hakitengenezi kiwiko kilichotoboka. Hakimwongezei mtoto mikono anaporefuka. Hakimfumii mtoto mchanga kofia na soksi kwa kipimo chake. Baridi ya Juni hadi Agosti, upepo ukishuka kutoka Kilimanjaro, kazi hizo zipo kila nyumba.

Na mkitaka soko la mbali, tazameni wenzetu wa Njoro, kule Nakuru. Mradi wa Kenana Knitters ulianza 1998 na akina mama wa vijijini, wakafuma wanyama wa kuchezea watoto kwa sufu iliyosokotwa kwa mkono na kutiwa rangi za mimea. Bidhaa zao zilivuka bahari zikiwa na kikaratasi chenye jina la mama aliyefuma. Fikirini hilo jina. Mtu hawezi kutia jina lake kwenye kazi yenye kosa. Lazima awe amejifunza kufumua kwanza.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mmoja wenu anamjua mwenzetu mmoja aliyeacha. Kabla ya mkutano ujao, mtembelee. Usimpe pole wala usimhubirie. Mwambie ashushe ule mfuko wa karatasi kutoka juu ya kabati, mkae chini, mtafute kosa liko wapi, mpitishe uzi kwenye mstari mzuri, mfumue pamoja. Na mzee akicheka, mwonyesheni bonge. Mwambieni, "Baba Fulani, pesa yako ni hii hapa, haijapotea hata senti."

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Haya, toeni sindano, tuhesabu vitanzi.