Tone Moja Katika Jicho
(Mazungumzo na wafugaji wa Kibaha na Kisarawe)



Kila tunapopita vijijini tunaulizwa swali moja. Mdondo, ambao wengine mnauita kideri, humpata kuku akakoroma, akaharisha kijani na kupinda shingo. Iweje basi chanjo itiwe jichoni? Sababu ni kwamba jicho la kuku lina njia nyembamba inayoshuka hadi puani, na nyuma yake ipo tezi inayotengeneza kinga. Virusi vya mdondo huingia zaidi kwa pumzi na kwa mdomo. Kwa hiyo tone lile linaweka mlinzi pale pale mlangoni, kabla adui hajafika ndani.

Chanjo tunayoizungumzia inaitwa I-2. Mbegu yake ilitokana na kazi ya Profesa Peter Spradbrow na wenzake wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, ambao walitaka chanjo inayostahimili joto, kwa ajili ya vijiji visivyo na jokofu. Hapa nchini ilianza kutengenezwa Temeke, ndiyo maana mnaisikia ikiitwa TEMEVAC. Leo Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania wanazalisha chanjo za mifugo hapa hapa Kibaha. Kustahimili joto si ruhusa ya kuianika juani, jamani. Ifungeni kwa kitambaa kibichi, mwisafirishe kivulini.

Ugumu mkubwa tunaouona ni hesabu. Kichupa kimoja kinatosha kuku mamia, na kikishafunguliwa hakikai muda mrefu. Mama mwenye kuku kumi hawezi kukimaliza peke yake, na akichanja peke yake, kuku wa jirani wasiochanjwa wataendelea kuugua na kusambaza virusi mtaani. Kuku hao ndio ada na daftari za watoto. Tunajua nyumba ambazo banda zima limekwisha kwa wiki moja. Mwaka 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo, na kuku wamo. Hata hivyo kinga ya tone hupungua, nayo hurudiwa kila baada ya miezi minne. Januari, Mei na Septemba ni rahisi kukumbuka. Aidha, kuku akishaugua, tone halitamponya.

Sasa nguruwe. Wengi wa Kisarawe hamfugi, nasi tunaheshimu hilo, lakini baadhi ya wenzenu wa Kibaha wanafuga, na mafua hayaulizi dini ya mtu. Virusi vya mafua vilivyoenea duniani mwaka 2009 vilikuwa na vinasaba vilivyotoka kwa nguruwe. Huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State wamejaribu kuwapa nguruwe chanjo ya mafua kupitia puani, ikiwa imebebwa na chembe ndogo mno za kitosani, kitu kinachopatikana katika magamba ya kambamiti na kaa. Chembe hizo hunata kwenye ute wa pua, hivyo chanjo haipotei upesi, na nguruwe waliochanjwa walitoa virusi vichache zaidi. Huo bado ni utafiti; msimwamini mtu atakayewaletea kichupa cha namna hiyo mnadani. Kwa sasa, mwenye mafua asiingie bandani, na nguruwe anayekohoa atengwe.

Tunawaomba wajumbe wa mitaa waandike idadi ya kuku wa kila nyumba, vifaranga wakiwemo, maana kifaranga wa siku moja naye hupata tone lile lile zima. Siku ya chanjo wafungieni kuku usiku wa kuamkia, tuanze kabla hawajatoka bandani.