Mtoto Aliyeondolewa Shuleni



Wapendwa viongozi wa jumuiya ndogondogo, leo tunazungumza juu ya mzazi anayemwondoa mtoto shuleni akisema atamfundisha mwenyewe nyumbani. Tusiharakishe kumhukumu. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano juu ya elimu, la mwaka 1965, linawatambua wazazi kuwa walimu wa kwanza wa watoto wao. Nasi tuliokulia huku Ugogo twajua yaliyofundishwa zizini na shambani: kumtambua ng'ombe mgonjwa, kuchagua mbegu ya uwele, kuwaheshimu wakubwa. Hiyo ni elimu, wala tusiionee haya.

Lakini tamko lilelile linasema familia yahitaji msaada wa jamii nzima. Basi tuulize: mtoto huyo anafundishwa nini, na nani, saa ngapi? Mara nyingi tumemkuta porini na ng'ombe wa mjomba, au shambani akiamia ndege, na baada ya mavuno hakuna anayemkumbusha daftari. Binti naye amepelekwa mjini kuwa mtumishi wa ndani, na mshahara wake hupokewa na mwingine. Hayo si masomo ya nyumbani. Ni kazi, na anayefaidi siye mtoto.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe mtoto na kuhakikisha anahudhuria mpaka amalize elimu ya msingi. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2001, ingawa sare na madaftari (twajua sote) havikufutwa.

Hata hivyo mzazi asilaumiwe peke yake. Shule iliyo mbali, darasa lililofurika, fimbo isiyo na kipimo: hayo nayo humtoa mtoto. Malalamiko hayo yapelekwe kwenye kamati ya shule, ambamo wazazi wana wajumbe wao. Ukimficha wako nyumbani, mtoto wa jirani anabaki chini ya fimbo ileile.

Aliyepitwa na umri bado ana njia. MEMKWA, mpango ulioanza kwa majaribio mwaka 1999, uliwekwa kwa ajili ya watoto waliokosa shule.

Katika mkutano ujao, kila kiongozi aje na hesabu ya watoto wa jumuiya yake wasioonekana shuleni. Majina yasitajwe mbele ya watu. Tutawaendea wazazi nyumbani kwao, wawili wawili, jioni ng'ombe wakisharudi.