Ubongo wa Mtoto Baada ya Tiba ya Vali ya Moyo: Ufuatiliaji Mikoani

Ndugu Mwenyekiti, waganga na wauguzi wenzangu,

Nimeombwa nieleze mfumo wa fahamu wa mtoto unavyoipokea tiba ya vali za moyo. Ya msingi mnayajua, nayapitia haraka. Wengi huanza na mafindofindo yasiyotibiwa, ikafuata homa ya baridi yabisi, kisha vali ya mitrali ikaharibika. Vali iliyobana hutanuliwa kwa puto kupitia paja, isiyotengenezeka hubadilishwa kwa ya chuma au ya mnyama. Baada ya upasuaji wa kutumia mashine ya moyo na mapafu mtoto huweza kuweweseka au kupata degedege, lakini hapo yuko mikononi mwa wataalamu.

Linaloninyima usingizi hutokea miezi kadhaa baadaye, kijijini. Damu hupenda kuganda kwenye vali ya chuma, na bonge likichomoka huweza kwenda moja kwa moja kichwani. Ndiyo maana mtoto hunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote. Kwa vali ya chuma ya mitrali, INR, yaani kipimo cha muda wa damu kuganda, tunaitaka kati ya 2.5 na 3.5. Ikishuka, kiharusi, ikipanda mno, damu huvujia kwenye ubongo. Vali ya mnyama ingepunguza adha hii, ila kwa watoto huchakaa mapema.

Sasa mtazameni mama aliyepewa vidonge vya warfarini vya miligramu 5 kwa ajili ya mtoto mdogo. Anavikata kwa wembe juu ya sahani. Robo moja nene, nyingine imekuwa unga. Anapanda basi kwenda kupima, anaambiwa vitendanishi vimekwisha. Zahanati inampa mtoto metronidazo ya kuhara, INR inapaa. Akianza rifampisini ya kifua kikuu, inaporomoka. Na kuna huu ushauri wa kumkataza mchicha na kisamvu, ambao nimechoka kuupinga: ale mboga, ila kiasi kisipishane sana wiki hadi wiki.

Asubuhi moja kikombe kinamponyoka mtoto, mdomo umepinda. Jirani anasema ni shetani. Anafika hospitali siku ya pili, na anayempokea hajui kama ana vali ya chuma, kwa kuwa kadi imebaki nyumbani.

Sisemi kituo fulani kimezembea. Nasema idadi ya waliopasuliwa husomwa hadharani. Ya waliopimwa INR sijaisikia ikisomwa.

Napendekeza hospitali za wilaya zipewe mashine ndogo za kupima INR kwa tone la damu ya kidole, na vitendanishi viwe na fungu lake kwenye bajeti. Viagizwe vidonge vya miligramu 1, wembe upumzike. Kabla ya kuweka vali ya chuma, timu iulize nani atampima mtoto huyu kwao. Jibu likikosekana, kuikarabati vali yake kufikiriwe kwanza kwa uzito zaidi. Mtoto mwenye kovu kifuani akilegea upande mmoja, apimwe INR na apigwe CT ya kichwa kabla dawa haijaongezwa wala kusimamishwa. Sindano ya penisilini ya kila wiki 3 au 4, ya kuzuia homa ya baridi yabisi isirudi, isiachwe kwa hofu ya warfarini. INR ikiwa mahali pake sindano huchomwa, na homa hiyo ikirudi itaharibu vali zilizobaki. Zahanati ziulize kuhusu warfarini kabla ya kuandika dawa yoyote. Mama afundishwe dalili za kiharusi kabla ya ruhusa, siyo getini. Na vitendanishi, Mwenyekiti, narudia: mashine bila vitendanishi ni pambo la maabara.

Ili kadi isibaki tena nyumbani, mfano wa kadi ya kuvaliwa shingoni uko kwa katibu wa semina. Naomba mwandike marekebisho yenu humo humo.