Matundu Ndani ya Chuma
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa karakana)



Sisi wa reli twajua ubaya wa chuma kwa nje: kutu, ufa, kuchakaa. Leo twasema juu ya ubaya usioonekana, yaani matundu yaliyomo ndani ya chuma cha kusubu.

Chuma kilichoyeyuka kikiganda hupungua. Penye unene huganda mwisho, na kama hapana chuma cha moto cha kujaza, pengo hubaki. Tena gesi iliyomo hutoka, ikaacha mapovu.

Tazameni gurudumu la tabochaja katika injini ya dizeli. Hupigwa na moshi wa moto mkali, huku likizunguka mara elfu nyingi kwa dakika. Chuma cha kawaida hulegea katika moto huo, kwa hiyo hutumiwa mchanganyo wa nikeli na kromi. Ukiuvuta mara moja tu, hata wenye vitundu huenda ukafaulu. Lakini ukivutwa na kuachwa mara nyingi, ufa huanzia kitunduni. Na kwa moto wa siku nyingi hujinyosha kidogo kidogo, vitundu vikaungana. Gurudumu likipasuka, anayesimama karibu si mkubwa wa ofisi. Ni dereva na fundi.

Dawa ipo. Kuna picha za eksirei. Kuna na tanuri la gesi ya agoni, joto lapata digrii 1,200 na mgandamizo kama mara 1,000 ya hewa tunayovuta. Matundu ya ndani hufungwa. Tundu lililotokea nje halifungwi, maana gesi huingia humo.

Daraja la mto Tay, Scotland, lilianguka tarehe 28 Desemba 1879 pamoja na gari moshi, wala hakupona hata mmoja. Hicho kilikuwa chuma cha kawaida, si nikeli, na makosa yalikuwa mengi, mchoro na upepo pia. Lakini katika uchunguzi ilielezwa kwamba matundu ya nguzo yalizibwa kwa nta na unga wa chuma. Mafundi waliojua habari hiyo waliulizwa baada ya watu kufa.

Basi twataka mambo mawili yaingie katika mapatano: kila gurudumu la kusubu lije na karatasi yake ya eksirei, na fundi atakayelikataa asikatwe mshahara wa siku hiyo.