Gari la Umeme: Mjini Sawa, Safari ya Dar Bado

Kwa mkazi wa Raskazone, gari la umeme linawezekana. Kwenda katikati ya mji wa Tanga ni mwendo mfupi, barabara ni tambarare, na usiku gari huchajiwa nyumbani. Halina oili ya injini ya kubadilisha wala plagi, na mwenye nalo hasubiri kwa hofu bei za petroli zinazotangazwa na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, kila mwezi.

Taabu huanza safari ikirefuka. Gari za umeme za Nissan Leaf za mwanzo, zenye betri ya kilowati-saa 24, zilikwenda kilomita 120 hivi zikiwa mpya. Za mtumba huenda umbali mfupi zaidi, kwani betri huchakaa. Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi. Gari la petroli hujaza tangi njiani, pale Segera, kwa dakika chache, likaendelea.

Umeme tunao: Bwawa la Julius Nyerere pekee lina uwezo wa megawati 2,115. Tunachohitaji ni vituo vya kuchaji njiani na mafundi wanaozijua betri. Bajaji na bodaboda za mjini zitangulie kuhamia umeme. Nawe unayetaka gari la mtumba, pima betri kwanza, ndipo ulipe.